Nani Alijenga Humu? Safari ya Kutambua Vifukofuko na Nundu za Mimea

Jumatatu: ukingo wa msitu

Njia tuliyoichagua inaanzia ukingoni mwa msitu, inafuata mto hadi kwenye nyanda za migunga, kisha inapanda mwinuko wenye mashamba ya mikaratusi. Nundu na vifukofuko hufuata mimea, na anayetaka kuona aina nyingi kwa muda mfupi hana budi kupita penye mimea ya aina nyingi. Mwenzangu ni mjuzi wa mimea. Mimi kazi yangu ni wadudu. Katika shughuli hii yeye ndiye anayetangulia, kwa kuwa wadudu wengi wanaosababisha nundu huchagua spishi moja tu ya mmea au spishi chache zenye undugu, na mtu asiyejua jina la mmea huwa amekwisha kupoteza nusu ya jibu kabla hajatoa lenzi mfukoni.

Vitu viwili tunavyovitafuta vinachanganywa mara nyingi ilhali asili yake ni tofauti kabisa. Kifukofuko ni kazi ya mdudu mwenyewe: kiwavi au buu hutoa uzi wa hariri, akajizungushia, na humo ndani akageuka pupa, yaani hatua ya kati ya buu na mdudu kamili. Nundu ni tishu ya mmea iliyolazimishwa kukua kwa namna isiyo ya kawaida na mgeni aliyeingia, awe nyigu, usubi, kidukari, utitiri, mnyoo, kuvu au bakteria. Kifukofuko ukikivuta hung'oka, au angalau hubaki na nyuzi zinazoonekana; nundu ukiivuta unararua jani au gome, kwa sababu ni sehemu ya jani au gome hilo.

Hatukwenda mbali kabla ya kupata kazi. Mwenzangu alisimama mbele ya mche wa mvule uliofika kiunoni, ambao machipukizi yake yalikuwa yamegeuka mashada ya uvimbe wa kijani, mviringo, uliojaa na kukaza ngozi. Nilipasua mmoja kwa wembe. Ndani mlikuwa na uwazi mdogo wenye unyevu, na humo tunutu mmoja wa rangi ya njano iliyofifia, bapa, mwenye vichipukizi vya mabawa mgongoni, akisogeza miguu taratibu baada ya kupigwa na mwanga. Huyo ni wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Phytolyma, mfyonzaji utomvu ambaye amewatesa sana wapanda mivule barani Afrika. Tunutu anapotoka kwenye yai huingia katika tishu changa, na tishu hizo hujifunga juu yake pande zote. Ndiyo maana uvimbe uliokuwa mzima haukuwa na tundu lolote. Mdudu akikomaa, nundu hupasuka yenyewe kumpa njia, na kidonda kinachobaki huwa mlango wa kuvu wanaokausha chipukizi. Kwenye mche uleule tuliona zilizopasuka na kuwa nyeusi, kwa hiyo kisa chote kilikuwa mbele yetu kwenye tawi moja.

Juu zaidi, kwenye mti wa jenasi ya Bridelia, palining'inia furushi la kahawia lenye ukubwa wa kupita kiganja, gumu, lenye sura ya karatasi iliyolowekwa ikakaushwa. Hapa sikuruhusu mtu aguse. Nondo wa jenasi ya Anaphe huishi kwa ushirika tangu wakiwa viwavi: huanguliwa pamoja, hula pamoja, hutembea kwa msafara, na mwishowe hufuma gamba moja la nje kwa pamoja kabla kila mmoja hajatengeneza kifukofuko chake ndani. Nywele za viwavi hao hubaki zimechanganyika na hariri, nazo huwasha ngozi vikali hata viwavi wenyewe wakiwa hawapo tena. Tulipiga picha, tukaandika jina la mti na kimo cha furushi kutoka ardhini, tukaendelea.

Jumanne: kando ya mto

Mikuyu imejaa kando ya mto, na matunda yake ndiyo nundu ambazo wengi wamezishika mkononi bila kujua. Kuyu ukilipasua, unakutana na mamia ya maua madogo yaliyogeukia ndani. Nyigu jike wa spishi ya Ceratosolen arabicus huingia kupitia kitundu cha mbele ya tunda, akileta chavua kutoka kuyu alilozaliwa, kisha hutaga katika baadhi ya maua hayo, na kila ua lililotagwa hugeuka nundu yenye buu mmoja. Madume hutoka kwanza. Hawana mabawa, huwapanda majike wakiwa bado wamo ndani ya nundu zao, na hutoboa ukuta wa tunda ili majike wapate njia ya kuondoka.

Ila humohumo huingia nyigu mwingine, Sycophaga sycomori, ambaye naye hutaga na kusababisha nundu lakini habebi chavua kwa ajili ya mti. Kuyu alilolipasua mwenzangu lilikuwa na aina zote mbili. Aliniuliza, "Sasa, mwenye nyumba ni yupi?" Nikamjibu kwamba hapa wote wawili ni wajenzi, kila mmoja kwa ua lake, lakini ni mmoja tu anayelipa kodi. Swali hilo lilitufuata safari nzima, kwa sababu kosa kubwa katika utambuzi huu ni kudhani kwamba mdudu anayetoka ndani ndiye aliyejenga.

Watu wa zamani walikuwa na kosa jingine. Nundu iliyofungwa pande zote ikiwa na mdudu hai ndani ilikuwa fumbo: aliingiaje? Francesco Redi, Mwitalia ambaye mwaka 1668 alionyesha kwamba funza wa nyama iliyooza hutoka katika mayai ya nzi wala hawajizalishi wenyewe, alishindwa na fumbo hili hili, akakubali kwamba huenda mmea una uwezo wa kuzaa mdudu huyo. Ni Marcello Malpighi, tabibu wa Bologna, aliyelieleza vizuri katika kazi aliyoichapisha mwaka 1679, baada ya kumwona nyigu akitaga ndani ya chipukizi. Ninampenda Redi zaidi kwa kisa hiki. Alikuwa na jibu sahihi mkononi, ila hakuona mahali yai lilipopita.

Mchana tuliutumia kuondoa vitu visivyohusika, na hii ni kazi kubwa kuliko inavyofikiriwa. Kwenye shina la nyasi tulikuta kitu cha rangi ya udongo, chenye mikanda ya kukatana, chepesi kama povu lililokauka. Hicho si kifukofuko. Ni mfuko wa mayai ya vunjajungu, ambao jike huutoa ukiwa povu laini likagumu hewani, na ukiupasua utakuta mayai yamepangwa kwa safu. Chini ya jani tulikuta mpira wa nyuzi nyeupe, laini, wenye mayai mengi ya duara: huo ni wa buibui. Kwenye kijiti kingine palining'inia pupa aliye wazi, bila kifukofuko, wa kijani, mwenye pembe kali, aliyeshikamana kwa kijinundu cha hariri upande wa mkia peke yake. Huyo ni kipepeo. Vipepeo walio wengi hawafumi kifukofuko. Ukikuta pupa aliyefungwa ndani ya hariri, wazia nondo kwanza.

Karibu na jioni tulipata kiwavi wa kijani aliyekuwa hai bado, lakini amezubaa juu ya rundo la vifukofuko vidogo vyeupe, kila kimoja na urefu wa milimita chache. Mtu asiyejua husema kwamba kiwavi ametaga. Kiwavi hatagi. Hao ni nyigu wadogo wa jenasi ya Cotesia au ndugu zake wa karibu: mama yao alichoma mayai ndani ya mwili wa kiwavi, mabuu wakala humo bila kugusa viungo vya uhai, wakatoboa ngozi na kufuma vifukofuko nje. Tulilikata jani zima tukalitia kwenye kichupa kilichofunikwa kitambaa chenye matundu.

Kitu cha mwisho cha siku kilikuwa kwenye gome: kifukofuko kigumu, cha mviringo, laini kwa nje, kilichobaki kitupu. Upande mmoja ulikuwa umekatwa duara kamili na kipande kilichokatwa kilining'inia pembeni mithili ya kifuniko cha chungu. Ndivyo wafanyavyo nondo wa familia ya Limacodidae: kiwavi huacha mstari dhaifu wakati wa kufuma, na pupa anapotaka kutoka husukuma kifuniko hicho kikafunguka. Nondo wengine hutatua shida hiyohiyo kwa njia nyingine. Wapo wanaofuma mdomo wenye nyuzi zilizolegea, unaoruhusu kutoka lakini si kuingia, na wapo wanaotoa majimaji yenye kimeng'enya cha kulainisha hariri. Kwa hiyo kifukofuko kitupu hakipaswi kutupwa. Mlango wake ni saini ya aliyetoka.

Jumatano: nyanda za migunga

Hii ndiyo siku niliyoitarajia, na nimeiandikia kurasa nyingi kuliko nyingine.

Mti wa kwanza ulikuwa Vachellia drepanolobium, mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba chini na kuwa mipira myeusi yenye mashimo, ambayo upepo ukipita hupiga mluzi. Kila anayeuona kwa mara ya kwanza huandika "nundu" katika daftari lake, na vitabu vingi huiita hivyo hivyo. Kwa maana kamili siyo. Miiba hiyo huvimba hata pasipo mdudu yeyote. Ni umbile la mti wenyewe, na sisimizi hutoboa na kuhamia baadaye. Wakazi wa kawaida ni wa jenasi ya Crematogaster, pamoja na Tetraponera penzigi, nao hupigania miti wao kwa wao. Mwenzangu aligonga tawi kwa kidole, na kabla hajaurudisha mkono sisimizi walikuwa wamekwisha kumwagika nje, mikia imeinuliwa juu. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, uvimbe ungekuwepo kama mdudu asingefika? Kwa mvule, hapana. Kwa mgunga huu, ndiyo.

Mgunga wa pili, wa spishi nyingine, ulikuwa na uvimbe wa kweli lakini wa ajabu: mikubwa, migumu, isiyo na umbo maalumu, imepinda maganda na matawi machanga, na juu yake pana unga wa rangi ya kutu. Niliukata kwa kisu mara tatu, kila mara kwa upande tofauti, na kote ilikuwa tishu tupu, bila chumba, bila buu, bila kinyesi. Nundu isiyo na chumba humwondolea mdudu tuhuma. Unga ule ni vijimbegu vya kuvu wa kutu, na kwenye migunga jenasi ya Ravenelia inajulikana kwa uvimbe wa namna hiyo. Kama kungekuwa na chumba, tungehesabu: kimoja au vingi, kuta zake ni ngumu au laini, na kama kina tabaka la ndani lenye majimaji ambalo buu hulila. Tabaka hilo ndilo faida anayoipata mjenzi. Mmea humlisha na kumhifadhi kwa wakati mmoja, na buu akifa mapema, mara nyingi nundu huacha kukua.

Mifuko ya vijiti ilikuwa kila mahali. Kiwavi wa familia ya Psychidae hufuma mfuko wa hariri na kuupamba kwa vijiti, miiba au vipande vya majani, akatembea nao maisha yake yote ya ukiwavi, kichwa na miguu ya mbele vikiwa nje. Kwa hiyo ni nyumba kwanza, kisha ndipo igeuke kifukofuko. Spishi zinazojulikana zinazidi 1,000, na mpangilio wa vijiti husaidia kuzitenganisha: wengine huvipanga kwa urefu sambamba na mfuko, wengine huvikatiza. Katika spishi nyingi jike hapati mabawa kamwe, na hutaga mayai ndani ya mfuko uleule aliokulia. Mfuko uliokazwa kwa hariri kwenye tawi na usiosogea tena una pupa, au una jike, au una mayai. Ule unaosogea bado una mlaji.

Saa za alasiri tulipata vifukofuko vya Gonometa, nondo wa hariri wa porini anayekula migunga na baadhi ya miti mingine. Ni vigumu, vya rangi ya kijivu na kahawia, vimegandamana na tawi, na hariri yake imechomekwa nywele kali za kiwavi, hivyo tulivaa glavu. Kusini mwa Afrika imeripotiwa mifugo iliyokufa kwa kula vifukofuko hivi, kwa kuwa hariri yake haisagiki tumboni na hujikusanya ikaziba njia. Tulichukua viwili tu. Cha kwanza kilikuwa na uzito, na kilipotikiswa kiligonga kwa sauti nzito. Tukakirudisha tawini kwa uzi, maana pupa alikuwa mzima. Cha pili kilikuwa chepesi, na ubavuni mwake palikuwa na tundu dogo lisilolingana na mwili wa nondo hata kidogo. Nilikipasua. Ngozi ya pupa ilikuwa imekauka, na kandokando yake mlikuwa na maganda ya kahawia yenye umbo la pipa, yaliyofunguka upande mmoja. Pipa lililofunguka kofia ni la nzi. Hao ni nzi wa familia ya Tachinidae, ambao mabuu wao hula viwavi wakiwa hai, na wakati kiwavi alipokuwa akifuma nyumba hii kwa uangalifu wote ule, wapangaji walikuwa tayari wamo mwilini mwake.

Jioni tulipanga vichupa. Kanuni ni chache, lakini zisipofuatwa hakuna kitakachotoka: nundu ichukuliwe ikiwa imekomaa, kwa sababu ya kijani kibichi husinyaa na kumuua buu; chombo kiwe na hewa na unyevu kidogo, si maji; na kila chombo kiwe na nundu za aina moja kutoka mmea mmoja. Mtu anayechanganya aina mbili katika chupa moja hupata wadudu wengi bila jibu hata moja.

Alhamisi: mvua

Mvua ilinyesha hadi adhuhuri. Mto ulikuwa umemomonyoa kingo na kuacha mizizi wazi, basi tukatazama mizizi. Kwenye mmea wa jamii ya kunde vijinundu vilikuwa pembeni mwa mzizi, vikabanduka kwa kucha, na kimoja nilipokikata kilikuwa cha waridi ndani: hiyo ni rangi ya protini inayosaidia bakteria wa Rhizobium kufunga naitrojeni, na mmea unawahitaji. Kwenye gugu la jirani uvimbe ulikuwa ndani ya mzizi wenyewe, haubanduki, wala hauna waridi. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo wa jenasi ya Meloidogyne. Hakuna kingine kilichoonekana siku hiyo.

Ijumaa: mikaratusi

Mwinuko una mimea michache, na kwa hiyo una fumbo chache, lakini moja ni maarufu. Majani machanga ya mikaratusi yalikuwa yamekunjamana kwa uvimbe mdogo uliopangana kwenye mshipa wa kati na kwenye vikonyo, mwingine wa kijani, mwingine wa waridi, ule wa zamani ukiwa wa kahawia na wenye vitundu vya duara. Ni Leptocybe invasa, nyigu mwenye urefu wa milimita moja na ushei, mwenye asili ya Australia, ambaye alionekana Mashariki ya Kati mwaka 2000, akapewa jina rasmi mwaka 2004, na akaenea Afrika, Asia na Amerika kwa kasi iliyowashangaza wakulima wa miti. Majike huweza kuzaa bila madume, basi mmoja aliyesafirishwa ndani ya mche anatosha kuanzisha kizazi. Ili kumdhibiti, baadhi ya nchi zimeleta nyigu wengine wadogo kutoka Australia ambao mabuu wao huwala mabuu wa Leptocybe ndani ya nundu zilezile. Afrika Kusini ilimwachilia mmoja wao, Selitrichodes neseri, mwaka 2012. Ina maana kwamba anayekusanya nundu za mkaratusi leo anaweza kupata nyigu asiye na hatia hata kidogo ya kuutesa mti.

Kwenye kichaka pembeni mwa shamba, majani yalikuwa na mabaka ya manyoya mazito upande wa chini, meupe yakielekea hudhurungi. Wataalamu wa zamani waliyaorodhesha mabaka kama haya miongoni mwa kuvu na kuyapa jina la jenasi. Chini ya lenzi yenye nguvu, katikati ya vinywele, utaona vidude vyeupe virefu kama uzi uliokatwa, visivyofika nusu milimita, vyenye jozi mbili tu za miguu: ni utitiri wa familia ya Eriophyidae. Manyoya ni ya jani lenyewe, limechochewa kuyaotesha.

Jumamosi: vichupa

Kichupa cha Jumanne kilikuwa na uhai. Kiwavi amekufa, na kati ya vifukofuko vyeupe, vingi vilikuwa vimefunguliwa kwa namna moja: kofia safi imekatwa ncha, na nyigu weusi wadogo wanatembea juu ya kitambaa. Vichache vilikuwa na tundu la ubavuni, lenye kingo zilizochakaa, na humo walitoka nyigu wa umbo jingine. Hao ni vimelea wa vimelea. Mama yao alitafuta vifukofuko vilivyokwisha kufumwa na kutaga juu ya waliomo. Mmea mmoja, kiwavi mmoja, na matabaka mawili ya walaji juu yake. Kama tungetupa maganda na kubaki na nyigu peke yao, tungeandika kwamba aina zote mbili zilimshambulia kiwavi.

Kichupa cha nundu za mkaratusi tulichokifunga jana nacho kilikuwa kimetoa nyigu wawili wasiofanana. Badala ya kubahatisha, nilizipasua nundu walizotoka. Katika ile ya kwanza hapakuwa na kitu zaidi ya ngozi ya pupa na chumba kilichosafishwa. Katika ile ya pili, chini ya ngozi ya pupa, palikuwa na buu mwingine aliyenyonywa akabaki kama karatasi, na kichwani mwake taya ndogo za kahawia bado zipo. Taya hizo ndizo za mjenzi. Mwenzangu aliandika lebo mbili: ya kwanza inasema "mjenzi", ya pili inasema "mlaji wa mjenzi, buu wa mjenzi yumo kwenye kichupa kidogo pamoja naye", kisha jina la mkaratusi, sehemu ya jani, na tarehe ya kukusanya ikitanguliwa na tarehe ya kutoka.